Wazimu wa Jusper katika Bwalo la Shule

Jusper Wendo anapoingia jukwaani, tayari ameua. Ndugu yake Adika alipigwa risasi katika maandamano ya wanafunzi, naye Jusper amelipiza kisasi kwa kumuua Chagaga. Wazazi wao, Doga na Nina, wako kando ya kaburi la mwana mmoja, na wanamtazama huyu aliyebaki bila kujua kama naye wamekwisha kumpoteza. Kijana anaongea. Maneno yake yanaanza mahali panapoeleweka, yanakata kona, yanatokea pasipotarajiwa. Hapo ndipo Francis Imbuga, katika tamthilia yake Betrayal in the City iliyochapishwa mwaka 1976 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama Usaliti Mjini, anapomkabidhi mwigizaji kazi ngumu kuliko zote za jukwaani: kumwigiza mtu ambaye huenda ni kichaa, na huenda amejitia kichaa ili aseme yale ambayo wenye akili timamu wa nchi ya Kafira wanayameza.

Nimeitazama kazi hiyo ikifanywa katika mabwalo ya shule za Kisii na Nyamira, na nataka kuieleza polepole. Ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na mafundi wake, ila mafundi hao hawasifiwi inavyostahili.

Tamthilia hiyo ilipokuwa kitabu teule cha fasihi ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE, vikundi vya waigizaji vilipanda na kushuka milima ya Gusii muhula baada ya muhula. Waigizaji ni wachache, kwa hiyo mmoja hubeba wahusika wawili au watatu, na maleba yote hutoshea katika mabegi mawili yanayopandishwa juu ya matatu. Wakifika shuleni, meza za bwalo husukumwa ukutani, chache huunganishwa kuwa jukwaa, na kanga au shuka hutundikwa kuwa pazia. Hakuna taa ya kumwonyesha mtazamaji pa kuangalia. Mwanga ni ule unaoingia dirishani, na mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, sauti ya mwigizaji inapaswa kupanda bila kugeuka kelele.

Mbele yake wameketi mamia ya wanafunzi, wengi wao kitabu kimefunguliwa mapajani. Wanamfuata mstari kwa mstari. Akiruka sentensi wanajua, akikosea jina wanamsahihisha kwa sauti. Sidhani kama kuna hadhira nyingine Kenya inayokuja kwenye mchezo ikiwa imejiandaa hivyo. Wamekuja na swali la mtihani vichwani: je, Jusper ni mwendawazimu kweli? Wanataka jibu la kuandika, pamoja na hoja za kulitetea.

Adui wa kwanza wa mwigizaji katika bwalo hilo ni kicheko. Kichaa akitokea mbele ya vijana, vijana huangua kicheko. Mwigizaji dhaifu hukifurahia kicheko hicho na kukichochea: anatoa macho, anatimua nywele, anachana shati, anaanguka chini na kugaagaa. Bwalo linalipuka kwa shangwe, na tamthilia inafia hapo hapo. Mtu wa namna hiyo hana siri. Hakuna anayejiuliza kama anaigiza, kwa sababu kila mtu anaona kwamba anaigiza.

Mwigizaji ninayemkumbuka kuliko wote alifanya kinyume. Aliingia akiwa nadhifu, shati jeupe limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, ingawa joto la bwalo lilikuwa limewafanya wenzake walegeze tai. Nywele zake zilikuwa zimechanwa. Alitembea kwa mwendo wa kawaida. Wachache walicheka kwa mazoea, wakisubiri vituko. Alisimama akawaacha wacheke mpaka kicheko kikajiishia chenyewe, kisha akageukia kaburi na kuzungumza na ndugu yake kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwuliza mwenzake kama amekula. Alipowageukia wazazi wake walio hai, sauti ilibadilika, ikawa rasmi, kama ya mtoto anayekariri somo mbele ya mkaguzi. Kwa maiti alikuwa mtu wa kawaida, na kwa walio hai alikuwa mgeni. Hakuhitaji kufanya zaidi ya hapo. Bwalo zima lilinyamaza.

Nilimfuatilia baadaye katika shule nyingine ili nione anavyoijenga hali hiyo. Niligundua kwamba kazi yake kubwa ilikuwa katika kusikiliza. Kwa kawaida mtu huulizwa swali, akalipokea, kisha akajibu. Jusper wake alijibu mapema mno, kana kwamba swali lilimfikia kabla halijaulizwa, au alichelewa kidogo, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyemjibu kwanza ndani ya kichwa chake. Tofauti ilikuwa ndogo sana, na wanafunzi wangeshindwa kuitaja, lakini waliihisi. Mikono yake nayo ilitulia. Waigizaji wengi huupeleka wazimu mikononi. Yeye aliificha mikono nyuma ya mgongo, na siku alipoitoa mbele kwa ghafla, wasichana wa safu ya kwanza walirudi nyuma kwenye viti vyao.

Ukisoma kitabu kwa makini utaona kwamba mwigizaji huyu alikuwa akimtii mtunzi. Imbuga mwenyewe alipanda jukwaani, na aliandika kama mtu anayejua jukwaa linaweza kubeba nini. Kicheko alikiweka mahali pake. Alimpa Mulili, askari mwenye Kiingereza cha kuvunjikavunjika, mtu wa karibu na Bosi, mtawala wa Kafira, na hadhira humcheka Mulili kuanzia anapofungua mdomo. Halafu Mulili huyo huyo anakuja na amri kwamba sherehe ya kumnyolea marehemu Adika haitafanyika. Baadaye anamchongea Kabito, ofisa wa serikali, kwa sababu ya zabuni ya maziwa, na Kabito anauawa. Kila mtu jukwaani anamchukulia Mulili kuwa mtu mwenye akili zake. Hapana anayependekeza apelekwe kwa mganga. Mtazamaji aliyecheka anajikuta amemchekea muuaji, huku yule aliyemwogopa kwa kudhani ni kichaa ndiye anayelilia haki.

Kisha mtunzi anatugeuzia Jusper. Tunamkuta na Regina, mpenzi wake, na tunamkuta na Tumbo, ofisa wa serikali aliyepewa kazi ya kutafuta mchezo wa kumtumbuiza mgeni wa taifa. Hapa Jusper ni mtunzi wa michezo, ana hoja, ana mzaha, anajua thamani ya pesa. Tumbo anamchagua awe mshindi pasipo mashindano yoyote kufanyika, na Jusper anaelewa vizuri kinachoendelea. Mwigizaji dhaifu huivua kabisa ngozi ya kwanza katika sehemu hii, na hadhira huamua kwamba yale ya kaburini yalikuwa maigizo matupu. Mwigizaji wangu aliacha uzi mmoja tu usikatike. Tumbo alipocheka, Jusper alitabasamu. Tumbo alipoacha kucheka, tabasamu la Jusper lilibaki usoni, likakaa muda mrefu kuliko lilivyohitajika, kisha likaondoka lote kwa mara moja. Nilimwona mwanafunzi jirani yangu akiandika kitu pembeni mwa ukurasa, akikifuta, akikiandika tena.

Mashaka haya yana ukoo mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 17 Shakespeare alimleta jukwaani Hamlet, mwana wa mfalme ambaye baba yake ameuawa na amu yake. Hamlet anawaambia rafiki zake mapema kwamba huenda akaanza kuonyesha tabia za ajabu, kwa hiyo mtazamaji anapewa ufunguo tangu mwanzo. Lakini mchezo unavyoendelea, ufunguo huo unazidi kukataa kufungua. Anaua mtu aliyejificha nyuma ya pazia, anamvunja moyo Ophelia, na tunaanza kujiuliza kama vazi alilolivaa kwa hiari limegandamana na ngozi. Kisha Shakespeare anamweka Ophelia kando yake, mwenye wazimu usio na shaka, ili tupate kipimo. Imbuga ana vifaa hivyo hivyo: kijana mwenye kisasi, utawala uliooza, na mchezo ndani ya mchezo unaomnasa mkubwa. Ila pale kaburini Jusper hampi mtazamaji ufunguo wowote. Na penye Ophelia, Imbuga ameweka nchi nzima.

Wakenya waliosoma tamthilia hii ilipotoka walijua nchi ya namna hiyo inanukaje. Mnamo Machi 1975 mwanasiasa J. M. Kariuki aliuawa, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Mwaka 1977 mchezo huo ulikwenda Lagos kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC, pamoja na mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi. Michezo yote miwili ilikuwa inauliza nani anastahili kuwekwa kizimbani.

Katika nchi yetu swali la nani ni kichaa limewahi kuamuliwa kwa mhuri wa serikali. Elijah Masinde, mwasisi wa Dini ya Msambwa, alipowapinga wakoloni waziwazi huko Kimilili, alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1945 hadi 1947. Waliomfungia waliona maono yake ni ugonjwa, na wafuasi wake waliona ni wito. Huku Gusii wazee hawakuanza na neno kichaa walipotusimulia habari za Moraa, mwonaji aliyewachochea vijana wakatae utawala wa wageni, wala za Otenyo Nyamaterere, aliyemchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Northcote mnamo Januari 1908. Watu walimwita ofisa huyo Nyarigoti. Alipona, akaishi na kuja kuwa gavana wa Hong Kong; Otenyo aliuawa, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Inasimuliwa pia kwamba Moraa aliwapa vijana dawa ya kuzigeuza risasi kuwa maji. Ukimsikiliza bibi akisimulia, hasemi kama Moraa aliamini au alijifanya kuamini. Anaeleza alichokiona Moraa, alichokisema, na waliomfuata, kisha ananyamaza. Watoto waliokulia kwenye simulizi za namna hiyo huingia bwaloni wakiwa tayari na sikio la kumsikia Jusper, hata kama hawajui walilipata wapi.

Kutoka mwaka huo wa dawa na risasi hadi Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, hakuna umbali mkubwa. Hussein alimchukua Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani mnamo Agosti 1905 wakati Vita vya Maji Maji vikianza, akamtungia nafsi. Mwaka huo huo wa 1905 majeshi ya Waingereza yalikuwa yanaivamia Gusii. Katika tamthilia, Kinjeketile anaingia mtoni na kutoka akiwa na maji ya nguvu na ujumbe wa roho. Akili zikimrudia, anashtushwa na sehemu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Mwigizaji wa Kinjeketile anabeba mashaka ya mtu anayesema kuliko anavyojua. Mwigizaji wa Jusper anabeba mtu anayejua kuliko anavyosema. Ndiyo maana mmoja huchezwa kwa kifua, kwa pumzi nzito ya mtu aliyepandwa na kitu, na mwingine huchezwa kwa macho. Nimewaona waigizaji wakimcheza Jusper kwa kifua. Wanapiga kelele za Kinjeketile katika mwili wa mwanafunzi wa chuo, na mchezo unawashinda.

Ninapotafuta mfano wa kipaji hiki karibu na nyumbani, namkumbuka omobari, yule mpasuaji wa jadi wa Abagusii ambaye madaktari wa karne iliyopita walimwandika kwa mshangao. Mtu aliyegongwa kichwani na kuandamwa na maumivu yasiyokoma alikwenda kwake, naye alikwangua mfupa wa fuvu kidogo kidogo hadi akaufikia utando unaofunika ubongo. Hapo alisimama. Ustadi wote ulikuwa katika kujua mahali pa kusimama, kwa maana upana wa ukucha mmoja mbele ulikuwa kifo. Mwigizaji wa Jusper naye anakwangua mbele yetu. Anatuonyesha uchungu, anatuonyesha hila, anatuonyesha mpasuko kati ya viwili hivyo, na anapofika kwenye utando unaotenganisha wazimu wa kweli na wa kuigiza, anaacha. Hautoboi. Akiutoboa kwa upande wowote, Jusper anakufa: akiwa kichaa mtupu, maneno yake hayana uzito wa kuitisha Kafira, akiwa mlaghai mtupu, msiba wake haukuwa msiba.

Lakini kusimama hapo hakumaanishi kwamba mwigizaji hajui. Kosa la wanaoanza ni kudhani kwamba wakicheza bila uamuzi, hadhira itaona fumbo. Itaona ukungu. Fundi niliyemtaja alikuwa ameamua kila mstari. Mstari huu Jusper anausema kwa sababu hawezi kujizuia, ule anausema kwa sababu Mulili anamsikia, na huu mwingine anaanza nao kama hila lakini unamponyoka katikati. Mstari wa namna hii ya tatu ndio mgumu na ndio wenye thamani. Unamwona mtu akijaribu kutumia wazimu kama chombo, na chombo kinamgeuka mkononi, halafu anakishika tena. Ukikaa mbali unaona mashaka. Ukikaa karibu unaona maamuzi madogo madogo yaliyopangwa kwa uangalifu mkubwa, yakafanyiwa mazoezi hadi yakaonekana kuwa hayajapangwa.

Yote haya yanalipwa katika onyesho la mwisho. Mchezo alioutunga Jusper unafanyiwa mazoezi mbele ya Bosi, na waigizaji wake ni wafungwa, wakiwemo Mosese, mhadhiri aliyesingiziwa kosa, na Jere, askari aliyefungwa kwa kuona huruma. Silaha za kweli zinaingia mikononi mwa watu wanaodhaniwa kuigiza, na mara moja mazoezi yanakuwa mapinduzi. Bosi hana tena njia ya kujua kipi ni mchezo na kipi si mchezo. Swali lililokuwa likimwandama Jusper peke yake tangu kaburini sasa limelipata dola zima. Mulili, akiona upepo umebadilika, anamgeuka Bosi wake, na Jusper anampiga risasi.

Risasi hiyo ndiyo mtihani wa mwisho wa mwigizaji. Anaweza kuipiga kama mpiganaji, na tutasema alikuwa timamu siku zote. Anaweza kuipiga kama mwehu, akicheka, na tutasema masikini, haponi. Fundi wetu aliipiga kwa mikono iliyotulia, kisha akaitazama bunduki kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenzake akingoja mwenyewe aje kukichukua. Hakuongeza neno, wala hakutafuta makofi. Kwa muda mfupi hakuna mwanafunzi aliyegeuza ukurasa.

Baadaye, kwenye kipindi cha maswali, msichana wa kidato cha nne alisimama na kuuliza lile swali. Mwigizaji hakumpa jibu la ndiyo au la. Alimwomba aende kwenye onyesho la kwanza atafute mahali ambapo Jusper anaongea na mtu mmoja huku akijua mwingine anasikia, halafu aende kwenye onyesho la mwisho atafute tena. Mwalimu wa fasihi aliitikia kwa kichwa, na mimi pia. Mwanafunzi atakayeandika kwamba Jusper ni kichaa na akathibitisha kwa matendo yake, ana hoja. Atakayeandika kwamba anajifanya na akathibitisha, ana hoja. Atakayeonyesha jinsi mtunzi alivyozisuka hoja hizo mbili zikategemeana, na kwamba katika Kafira mtu aliyejifanya kichaa ili aseme kweli hubeba jeraha la kweli kwa kufanya hivyo, huyo ameisoma tamthilia.

Ningependa tuwe na lugha ya kusifia kazi hii. Shabana ikicheza Gusii Stadium, kesho yake kwenye matatu ya kutoka Keroka na kwenye Egesa FM utasikia watu wakieleza goli lilivyotengenezwa: nani alianza mbio, nani alimvuta beki, pasi ilipigwa kwa mguu gani. Hawaridhiki kusema timu ilicheza vizuri. Kwa waigizaji tunaridhika na makofi na soda moja ya asante, kisha tunawaaga kwenye lango la shule waende kutafuta gari. Macho yale yale tunayoyapeleka uwanjani tunaweza kuyaleta bwaloni. Tuseme: hapa alinyamaza sekunde mbili, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini, hapa tabasamu lilichelewa kuondoka, na hapo nikaacha kumwamini. Wazazi wanaolipa karo waseme, walimu waseme, na wahariri wa kurasa za utamaduni waandike. Mwigizaji aliyeweza kuyaweka mashaka ya Jusper hai mbele ya mamia ya vijana wenye vitabu mapajani anastahili kuambiwa ni wapi hasa alipoweza.